Huduma ya kusomea habari ikifungwa: Hatua za kuhamisha milisho yako

Na Mwandishi Wetu

MACHI 13, 2013, kampuni ya Google ya Marekani ilitangaza kwamba ingeifunga huduma yake ya Google Reader ifikapo Julai 1 mwaka huo. Sababu iliyotolewa ni kuwa idadi ya watumiaji ilikuwa imepungua. Wasomaji walioizoea huduma hiyo tangu ilipoanzishwa Oktoba 2005 wakabaki na takribani miezi mitatu na nusu ya kutafuta pa kuhamia.

Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kuitaka kampuni hiyo ibadili uamuzi wake. Haikuubadili. Tangu hapo, huduma nyingine kadhaa za aina hiyo zimefungwa, na maswali ya wasomaji yamekuwa yale yale: nini kinaweza kuokolewa, na kwa njia gani?

Mlisho ni nini?

Tovuti nyingi za habari hutunza faili maalumu ambalo msomaji wa kawaida halioni. Ndani yake mna vichwa vya habari mpya, muhtasari, saa ya kuchapishwa na anwani ya habari kamili. Faili hilo ndilo huitwa mlisho. Programu ya kusomea milisho huyapitia mafaili ya tovuti zote ulizochagua, kisha hukuletea yaliyo mapya mahali pamoja.

Muundo unaojulikana zaidi ni RSS, ulioanzia katika kampuni ya Netscape mwaka 1999. Mwingine ni Atom, ulioidhinishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2005. Hadi leo, vipindi vya sauti vinavyojulikana kama podikasti husambazwa kwa RSS.

Jambo la msingi ni kwamba mlisho ni mali ya tovuti inayoutoa, wala si mali ya programu inayoukusanya. Muuza magazeti wa kona ya mtaa akifunga meza yake, magazeti hayaachi kuchapishwa. Kinachopotea ni kumbukumbu ya yale aliyokuwa akikuwekea kila asubuhi. Hivyo basi, kitu cha kwanza kuokoa ni orodha yako.

Jinsi ya kuhama

Orodha hiyo huhifadhiwa katika faili la muundo wa OPML, uliobuniwa mwaka 2000 na kampuni ya UserLand ya Dave Winer. Ni faili dogo la maandishi lenye jina la kila mlisho, anwani yake na kundi uliloliweka. Karibu programu zote za kazi hii hulitambua.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya huduma inayofungwa na upakue faili la OPML. Usingoje siku ya mwisho, kwani wengi hufanya hivyo na seva huelemewa.

Pili, lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia uhakikishe kwamba anwani zimo. Hifadhi nakala mbili katika sehemu tofauti.

Tatu, fungua akaunti katika huduma mpya na uliingize faili hilo. Makundi yako yanapaswa kujitokeza kama yalivyokuwa.

Nne, linganisha idadi ya milisho. Ile isiyoleta kitu huenda tovuti zake zilikufa zamani au zilibadili anwani.

Tano, ifute akaunti ya zamani baada tu ya kujiridhisha kwamba mpya inafanya kazi.

Yasiyobebwa na orodha

Hata hivyo, OPML hubeba anwani peke yake. Makala ulizotia alama, maelezo uliyoandika na kumbukumbu ya ulichokwisha kusoma havimo. Wakati wa kufungwa kwa Google Reader, makala zilizotiwa nyota zilitolewa katika mafaili ya pembeni kupitia huduma ya Takeout, na mwisho wa kuyachukua ulikuwa Julai 15, 2013. Baada ya hapo, data zilifutwa.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Mlisho kwa kawaida hubeba habari chache za karibuni tu, lakini Google Reader ilitunza habari za miaka ya nyuma, zikiwemo za tovuti zilizokuwa zimekwisha kutoweka. Hizo hazikuweza kuhamishwa kwa OPML. Makala unayoihitaji kwa kazi au masomo ihifadhi kwenye kompyuta yako siku unapoisoma.

Kuchagua pa kuhamia

Mwaka 2013, Feedly ilitangaza kupokea watu 500,000 ndani ya saa 48 baada ya tangazo la Google. Wengine walikwenda Digg Reader, iliyozinduliwa mwaka huo huo. Nayo ilifungwa Machi 2018, hivyo wateja wake wakalazimika kuhama kwa mara ya pili.

Kwa sababu hiyo, maswali mawili ni ya lazima kabla ya kujisajili. Je, huduma hiyo inakuruhusu kupakua orodha yako wakati wowote? Na je, nani anagharimia uendeshaji wake? Feedly na Inoreader hutoa nafasi ya bure yenye mipaka, na anayetaka zaidi hulipa. Feedbin hutegemea ada za watumiaji. Malipo hayazuii huduma kufungwa, lakini huipa kampuni sababu ya kuendelea.

Njia ya tatu ni programu inayokaa kwenye chombo chako mwenyewe, kama Thunderbird kwa kompyuta au NetNewsWire kwa vifaa vya Apple. Mwenye ujuzi wa seva anaweza kuendesha FreshRSS. Aidha, ikumbukwe kuwa kompyuta au simu huharibika na huibiwa, hivyo nakala ya orodha bado inahitajika.

Tahadhari kabla ya athari, walisema wahenga. Pakua faili lako la OPML kila baada ya miezi michache, hata kama huduma unayoitumia haijatangaza lolote.