Jicho vivu: kasoro iko ubongoni

Hapa kwetu Likoni mtoto akiwa na makengeza, mamake huambiwa ati akikua yataisha. Mimi sikubaliani na kauli hiyo.

Jicho halioni peke yake. Hupokea mwanga, likapeleka habari hadi kisogoni, na ubongo ndio unaotengeneza picha. Mtoto akizaliwa, ubongo wake bado unajifunza kazi hiyo. Macho yakileta picha mbili zisizolingana, kwa kuwa moja limepinda au lina haja ya miwani kuliko mwenzake, ubongo hushika picha moja na kuipuuza ya pili. Miaka ikipita, jicho linalopuuzwa hunyang'anywa nafasi yake ubongoni. Ukilitazama ni zima, na hata ukilivisha miwani halioni sawasawa.

David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha jambo hili Marekani katika miaka ya 1960. Walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Walipozifungua baada ya miezi, jicho lilikuwa halina kasoro, lakini seli za ubongo karibu zote zilijibu jicho la pili tu. Paka mkubwa alipofanyiwa vivyo hivyo hakudhurika. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa binadamu, tiba hufaa zaidi kabla ya miaka 7. Huanza na miwani, kisha jicho zuri huzibwa kwa plasta, mara nyingi saa 2 kwa siku, kwa miezi kadhaa, ili ubongo ulazimike kulitumia lile vivu. Hapo ndipo wazazi huchoka: mtoto analia, majirani wanauliza. Wengine hupewa matone ya atropini ya kufifisha jicho zuri, nayo husaidia.

Shida ni kwamba si kila mwenye jicho vivu ana makengeza. Anacheza mpira, anasoma ubaoni, chuoni anasoma juzuu yake, yote kwa jicho moja. Likija kuumia hilo, hana akiba.

Kwa hivyo mfunike mwanao jicho moja kwa kiganja, umuulize yaliyo mbali, kisha ubadilishe. Akisukuma mkono wako upande mmoja tu, mpeleke hospitali ya macho. Ukiona mboni nyeupe, nenda siku hiyo hiyo. Na aliyefika miaka 10 au 12 pia apelekwe, maana wako wanaopata nafuu.