Nissan Zilizovuta Hariri

Ukitaja Nissan hapa Nairobi, mtu anaona matatu. Lakini mjini Tomioka, kaskazini-magharibi mwa Tokyo, kuna Nissan ambazo hazijawahi kubeba abiria. Ni mashine za kuvuta uzi wa hariri, zimepangwa safu kwa safu ndani ya jumba la mita 140, na zimenyamaza tangu 1987.

Serikali ya Meiji ilikijenga kiwanda hicho 1872. Japani ilikuwa inauza hariri ng'ambo, ila ubora wake ulikuwa wa kubahatisha. Wakamwajiri Mfaransa, Paul Brunat, alete mitambo. Matofali yalikuwa mageni huko, basi waliyachoma mafundi wa vigae, na pa saruji wakatumia chokaa. Halafu wafanyakazi wakakosekana. Ati Wafaransa wanakunywa damu ya wasichana! Kumbe ni divai nyekundu. Ikabidi mkuu wa kiwanda, Odaka Atsutada, amwandikishe binti yake mwenyewe.

Wada Ei alifika 1873, hata miaka 20 hajafikisha. Uzeeni aliandika kumbukumbu zake, na ndiyo sababu tunajua mengi kuhusu wasichana wale: kuketi mbele ya beseni la maji moto, kusaka ncha ya uzi kwenye kifukofuko cha kiwavi, kuvuta bila kukata. Beseni zilikuwa 300. Wakishaiva, walirudi kwao kufundisha wengine. Usidhani palikuwa peponi, lakini. Wengine walifia huko, na makaburi yao yako kwenye hekalu mjini humo humo.

Serikali iliuza kiwanda 1893, kikapita mikononi mwa Mitsui, Hara, na mwishowe Katakura. Kilipofungwa 1987, wewe na mimi tunajua kinachofuata kwetu: mabati yanazungushwa, tingatinga linaingia usiku, kisha bango la ghorofa mpya. Katakura walikataa kuuza, kukodisha, wala kubomoa. Miaka 18 kampuni ya biashara ililipia matengenezo ya majengo yasiyoingiza hata shilingi! Mwaka 2005 wakaukabidhi mji. UNESCO ikayaingiza kwenye Urithi wa Dunia 2014.

Ukarabati ninaoupenda zaidi ni wa ghala la magharibi, la kuhifadhia vifukofuko, lililofunguliwa upya 2020. Ndani yake wamejenga chumba cha kioo. Fremu yake ya chuma inalisaidia jengo kuhimili tetemeko, na ukiwa ndani unaona kuta na dari zilivyochakaa, bila kupakwa rangi ya kuficha umri. Leo kuna ukumbi wa shughuli na maonyesho.

Kinachonisumbua ni harufu. Pupa waliochemshwa wananuka, si mchezo, na wale wasichana waliishi na harufu hiyo kutwa. Ukumbi wa kioo ni safi mno. Nikipata nauli siku moja, nitaanzia hekaluni, kwenye makaburi, ndipo niende ghalani.