Kihenge cha Bibi na Njaa ya 1906

Wengi wetu mjini tukisikia "majira ya baridi" akili inakimbilia theluji, makoti mazito na zile picha za kalenda za Ulaya. Tunasahau kwamba na sisi tuna baridi yetu, inaitwa kipupwe, na kule Ruvuma haina mzaha hata kidogo. Juni na Julai pale Songea mgeni kutoka Dar anajuta kuacha sweta nyumbani. Ukishuka mashariki hadi Tunduru, kisha ukaenda kusini mpaka Mbesa, kijiji kinachojulikana sana kwa hospitali yake ya misheni, baridi inapungua kidogo, lakini asubuhi bado watoto wanagombea nafasi karibu na mafiga.

Leo nataka tuzungumze kuhusu hayo mafiga. Najua, mlizoea nikiandika siasa. Vumilieni, siasa imo humu humu.

Angalia familia ya kawaida ya Tunduru msimu huu, iwe ya Waislamu au ya Wakristo. Mvua zimekatika tangu Aprili au Mei, mavuno yameshaingia. Asubuhi ni uji wa ulezi, au muhogo wa kuchoma na karanga. Uani kuna makopa ya muhogo yameanikwa yakauke, kuna mbaazi za kupura, kuna mahindi ya kupukuchua. Kwenye mikorosho watu wanapuliza salfa, maana ugonjwa wa ubwiri unga unapenda sana ubaridi huu. Jioni ugali unasongwa, pembeni kisamvu kilichoungwa kwa karanga, au dagaa wa Ziwa Nyasa waliosafiri kutoka upande wa pili wa mkoa. Na juu ya moto, darini, zinaning'inia mbegu za mahindi. Moshi unazifukiza wadudu wasizishambulie. Hizo hazipikwi. Mgeni aje, mtoto alie, mbegu hailiwi.

Umewahi kujiuliza kwa nini hiyo sheria ya mbegu ni kali namna ile? Jibu rahisi ni kwamba kila mkulima duniani anatunza mbegu. Sawa. Lakini Ruvuma wana sababu yao ya ziada, na ina tarehe.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kule Umatumbi, vikaingia Ungoni mwezi Septemba. Oktoba 21 mwaka huo Kapteni Nigmann, aliyetoka Iringa na askari wake, aliishambulia kambi ya Wangoni pale Namabengo kwa bunduki ya rashasha. Baada ya hapo Wangoni wakaacha kupigana uso kwa uso, wakajigawa vikundi vidogo wakaingia porini. Februari 27, 1906 Wajerumani wakanyonga wapiganaji zaidi ya 60 mjini Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa. Hayo tuliyasoma shuleni, na mengi tunayasikia kila Februari kwenye kumbukumbu.

Ambalo shuleni lilipita haraka ni silaha iliyomaliza vita. Silaha hiyo ilikuwa njaa. Utawala wa Gavana Gustav Adolf von Götzen uliona kwamba risasi hazitoshi dhidi ya watu waliotawanyika porini. Vijiji vikachomwa, vihenge vikachomwa au kuporwa, mashamba yakaharibiwa. Fikiria kalenda ya mkulima: Novemba na Desemba ni wakati wa kupanda. Mwishoni mwa 1905 watu wa Ungoni walikuwa wamejificha, na mbegu zilikuwa zimeungua au zimeliwa. Usipopanda Desemba huna cha kuvuna Mei. Kwa hiyo kipupwe cha 1906, msimu ambao kwa kawaida ndio wa kushiba, ulikuta vihenge vitupu. Wajerumani wenyewe walikiri vifo kiasi cha 75,000 katika vita nzima. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifika kwenye makadirio ya 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi.

Watu wakaingia porini kuchimba mizizi. Huko kusini kuna kiazi pori kinaitwa ming'oko, kinachimbwa wakati wa kiangazi. Leo Mtwara na Lindi utauziwa ming'oko ya kuchemsha barabarani kama kitafunwa, na ni mitamu. Lakini muulize mzee yeyote wa kusini, atakwambia kwamba mwaka wa njaa hiyo ndiyo inayowavusha watu.

Hapa naomba niwatoe kidogo Ruvuma niwapeleke Marekani, tutarudi. Wamormoni nao walikuwa watu wa kukimbia. Februari 1846 walianza kufukuzwa Nauvoo, katika jimbo la Illinois. Majira ya baridi yaliyofuata waliyapitisha kwenye kambi za muda kando ya mto Missouri, mamia wakafa kwa maradhi na lishe duni. Julai 24, 1847 kundi la Brigham Young likafika bonde la Salt Lake. Cha ajabu ni kwamba miaka ile ile huku kwetu Wangoni nao walikuwa safarini: Zwangendaba alivuka Zambezi Novemba 1835 akafia Ufipa karibu 1848, na baadhi ya watu wake ndio waliokuja kutua Songea.

Miaka ya mwanzo Utah ilikuwa ya njaa, na Wamormoni wakachimba kiazi cha ua pori liitwalo sego. Sasa tazama walichofanya na kumbukumbu hiyo. Mwaka 1911 sego likafanywa ua rasmi la jimbo la Utah. Mwaka 1876 Brigham Young alimwomba Emmeline B. Wells awaongoze wanawake wa kanisa kuweka akiba ya ngano, wakaitunza kwa miaka zaidi ya 40, na mwaka 1918 wakaiuzia serikali ya Marekani wakati wa vita kuu. Mpaka leo kanisa hilo linafundisha kila familia kuweka akiba ya chakula nyumbani. Na waliandika: shajara, barua, majina ya babu na bibi hadi vizazi vya mbali. Mtoto wa Utah anapokula mkate wa baridi nyumbani, kuna mtu amemwambia kwa nini stoo imejaa.

Mtoto wa Songea nani kamwambia?

Na si kwamba sisi hatukuwa na akina Emmeline. Baada ya vita ukoloni uliigeuza Ungoni kuwa kisima cha vibarua. Wanaume walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, wengine wasirudi kwa miaka. Nani alibaki na kihenge? Bibi. Nani alijua debe ngapi zitafika mpaka mavuno mengine, na kauli ya mbegu hailiwi ilitoka mdomoni mwa nani? Kule Mbinga Wamatengo walikuwa wameshaanza hadithi yao karne ya 19, walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni wakabuni ngolo, yale mashimo ya kilimo kwenye miteremko mikali yanayozuia udongo usisombwe. Maharage yanayopandwa humo Machi huvunwa kuelekea kipupwe. Sahani ya maharage ya Mbinga ni matokeo ya watu waliokataa kufa.

Sasa turudi kwenye siasa niliyowaahidi. Ruvuma ile iliyoteketezwa kwa njaa ikaja kuwa mmoja wa mikoa minne iliyotajwa kama ghala la taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Songea. Ni heshima kubwa. Lakini ndani ya mkoa huo huo utakuta familia inauza mahindi Julai kwa bei ya kutupa kwa sababu ya ada na madeni, halafu Februari inanunua debe kwa bei ya kuumiza. Alipoingia dumuzi nchini, akila mahindi na makopa bila kuchagua, familia nyingi zilizidi kuona heri kuuza kuliko kuhifadhi. Mara nyingi anayeamua kuuza siyo yule bibi anayejua hesabu ya debe.

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha. Ilikuwa siku nzito, na mjadala wa mafuvu yaliyopelekwa Ujerumani lazima uendelee. Ila naona tunajadili mikuki, bunduki na mafuvu, tukisahau vihenge vilivyochomwa, wakati huko ndiko walikofia wengi.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za Majimaji kwa wazee waliokuwapo. Wale wazee wote wameshaondoka. Waliobaki ni wajukuu zao, ambao nao sasa ni mabibi zetu, na walichorithi kiko zaidi jikoni kuliko kwenye karatasi.

Kwa hiyo ukienda likizo kipupwe hiki, kaa jikoni. Usimwulize bibi tu kisamvu kinaungwaje. Mwulize nani alimfundisha, mwaka wa njaa walikula nini, na mbegu zile pale darini zilitoka kwa nani. Simu yako ina kinasa sauti, kitumie. Na kama kwenu kuna chakula kilichoanza kuliwa kwa sababu ya njaa, hebu kitaje hapa chini, na jina lake la kikwenu.