Watazamaji Walivyojifunza Kudai Mwisho

Jumanne tarehe 29 Agosti 1967, Wamarekani wapatao milioni 78 walikaa mbele ya televisheni kusubiri jibu la swali walilokuwa wamelibeba kwa miaka minne: Dakta Richard Kimble atasafishwa jina lake, au atakamatwa na kuuawa? Tamthilia ya The Fugitive ilianza kurushwa na kituo cha ABC Septemba 1963. Kimble, aliyeigizwa na David Janssen, ni daktari wa watoto aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mkewe, Helen. Akiwa njiani kupelekwa gerezani kwenda kutimiziwa adhabu, treni inapata ajali naye anatoroka. Anachokijua ni kimoja tu: usiku wa mauaji alimwona mwanamume mwenye mkono mmoja akikimbia kutoka upande wa nyumba yake. Basi anahama mji hadi mji kwa majina ya bandia, anafanya vibarua, Luteni Gerard wa polisi yuko nyuma yake, na yeye yuko nyuma ya yule mwenye mkono mmoja.

Kwamba mkimbizi huyo angefikishwa mwisho wa safari yake halikuwa jambo la kutarajiwa. Tamthilia za Marekani za wakati ule kwa kawaida hazikumalizwa, zilikatwa. Watazamaji wakipungua, kipindi kinaondolewa hewani na mhusika anaachwa palepale alipokuwa juma lililopita. Wenye vituo walikuwa na hesabu zao. Vipindi vya zamani viliuzwa upya ili virudiwe kwenye vituo vya mikoani, na walihofu kwamba hakuna atakayetazama marudio ya mtu anayekimbia ikiwa kila mmoja anajua alikofikia. Kwa hesabu hiyo, kilichofaa zaidi kibiashara ni Kimble aendelee kukimbia milele.

Lakini watazamaji walikuwa wamekaa na kesi hii kwa vipindi 120. Walishaipima, walishamshuku huyu na yule, na mtu aliyeipeleleza kesi kwa miaka minne haachi ifungwe bila hukumu. Wakapewa sehemu mbili za mwisho. Ilibainika kwamba Fred Johnson, yule mwenye mkono mmoja, ndiye muuaji kweli, jambo ambalo wengi walilitegemea. Ambalo hawakulitegemea ni kwamba jirani wa Kimble, mtu aliyesifika kwa ushujaa vitani, alikuwamo ndani ya nyumba ile, akayaona mauaji, akaganda kwa woga, kisha akanyamaza kwa aibu huku daktari akihukumiwa. Kwangu mimi huo ni mwisho uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa: unampa mtazamaji alichokikisia, halafu unamwongezea kitu kinachouma zaidi. Asilimia 72 ya waliokuwa wakitazama televisheni saa ile walikuwa kwa Kimble.

Idadi ile ya watazamaji ilikuja kupitwa na Dallas. Tarehe 21 Machi 1980, J.R. Ewing, tajiri wa mafuta aliyeigizwa na Larry Hagman, alipigwa risasi ofisini mwake na mtu asiyeonekana uso. Dallas ilikuwa tamthilia ya familia na mali, lakini siku ile iligeuka kesi ya jinai yenye washukiwa chungu nzima, maana J.R. alikuwa amemtendea ubaya karibu kila aliyemkaribia. Mgomo wa waigizaji ulichelewesha msimu mpya, na kukisia kukarefuka kwa miezi minane. Fulana zenye swali la nani aliyempiga risasi J.R. ziliuzwa. Uingereza watu waliweka dau kwa wachezesha kamari. Watayarishaji, ili siri isivuje, walipiga picha waigizaji mbalimbali wakifyatua ile bastola, kiasi kwamba hata waliokuwapo hawakuwa na hakika. Novemba 21 Wamarekani wapatao milioni 83 wakaambiwa ni Kristin, shemeji yake.

Tabia hii ya kukisia na kudai jibu ina umri mkubwa kuliko televisheni. Charles Dickens alifariki Juni 1870 akiwa ameandika sehemu sita kati ya kumi na mbili za riwaya yake ya The Mystery of Edwin Drood, na hakuacha jibu la kilichompata Drood. Januari 1914, jijini London, waandishi walimfungulia mshukiwa mkuu kesi ya kuigiza: G. K. Chesterton akiwa hakimu, George Bernard Shaw akiongoza baraza la wazee. Wasomaji wetu waliokua na mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, pengine wakibishana na wenzao kabla ya kufika kurasa za mwisho, wanaijua ladha hiyo.

Televisheni ilikuja kuthubutu kunyamaza kwa makusudi tarehe 10 Juni 2007. Mwishoni mwa tamthilia yake, Tony Soprano, bosi wa genge la New Jersey, anaingia mgahawani na kuketi. Kila mlango unapofunguliwa kengele inalia, Tony anainua macho, nasi tunamwona aliyeingia. Mkewe anafika, mwanawe anafika. Mwanamume mmoja mwenye koti anampita kuelekea chooni. Nje, binti yake anahangaika kuegesha gari. Kengele inalia tena, Tony anainua macho, na skrini inakuwa nyeusi, kimya, kwa sekunde kama kumi. Wengi walidhani matangazo yamekatika. Baadaye walirudi kuhesabu: kengele, uso wa Tony, kisha anachokiona. Kengele, uso, anachokiona. Mara ya mwisho alichokiona ni giza, kwa hiyo ameuawa. Wengine wanakataa katakata, kwa imani ileile ya mabanda yetu ya video kwamba steringi hafi. Nakubaliana na wanaohesabu kengele. David Chase, aliyeiandika na kuiongoza, alikaa miaka akikwepa kuwajibu, nami naona alikuwa na haki hiyo, kwa sababu aliwaachia ushahidi wote mezani.

Vince Gilligan wa Breaking Bad alikuwa na shida ya aina nyingine. Mwanzoni mwa msimu wa tano, Julai 2012, alimwonyesha mhusika wake mkuu, Walter White, akinunua bunduki kubwa ya rashasha, kisha hadithi ikarudi nyuma. Watazamaji walikisia mwaka mzima itamlenga nani. Waandishi wenyewe, kama Gilligan alivyoeleza baadaye, walikuwa hawajajua. Walikuwa wakikisia sawa na sisi, tofauti ni kwamba wao walilazimika kupata jibu, nalo lilionekana tarehe 29 Septemba 2013.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Line of Duty ya BBC. Kwa miaka, Waingereza walimsaka polisi fisadi wa ngazi ya juu anayetajwa kwa herufi H. Walimshuku hata Ted Hastings, mkuu wa kikosi kinachochunguza polisi wenzake. Kosa moja la tahajia, herufi a mahali pa i, likijirudia katika ujumbe wa siri, lilichambuliwa kama alama ya kidole. Tarehe 2 Mei 2021, watu milioni 12.8 walimwona anayeketishwa kwenye kiti cha mahojiano: Ian Buckells, ofisa mzembe aliyekuwa akionekana tangu msimu wa kwanza mwaka 2012, akipandishwa vyeo bila mtu kuuliza kwa nini. Wengi walikasirika. Walikuwa wamemwandalia nafasi hiyo jambazi mwenye akili nyingi, wakaletewa mtu wa kawaida mwenye tamaa. Mwandishi wake, Jed Mercurio, hakuwadanganya. Kosa la tahajia lilikuwa lake Buckells, na tangu mwanzo alikuwa mbele ya macho yao, akidharauliwa na wapelelezi wa ndani ya tamthilia na wa sebuleni vilevile.