Fizikia Chini ya Mlima

Ukichemsha maji mjini Nyeri, ewe msomaji, ukatia kipimajoto ndani yake, hutaziona zile digrii 100 zilizoandikwa kitabuni. Yatachemka yapata digrii 94, kwa maana mji huo uko juu na kani ya hewa imepungua. Walakini wanafunzi wengi wa nchi hii ya Mlima Kenya wameikariri hiyo 100 wala hawakuyapima maji wenyewe.

Ili kuondoa mafunzo ya namna hiyo, Kenya ilishirikiana na Japani mwaka 1998 kuanzisha mpango wa SMASSE, wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulijaribiwa kwanza katika wilaya 9, zikiwamo Murang'a na Maragua, kusini mwa Nyeri. Mwaka 2003 ukaenea nchi nzima. Walimu wakawa wanafunzi tena. Wakafundishwa kwamba kijana na atende kwa mikono yake, na pasipo chombo cha maabara, kiundwe kwa vitu vilivyopo. Rula huweza kuwa mizani, na vijiwe uzani.

Siku hizi ziko chemsha bongo za kompyuta. Nazipenda, hasa wanafunzi wanne wanapogawana kompyuta moja, kwani hawana budi kubishana kabla ya kubonyeza jibu. Lakini ikiwauliza maji huchemka kwa digrii ngapi, huenda ajibuye 94 akahesabiwa amekosa. Hapo ndipo mmoja wao aondoke akalete sufuria.