Kuhamia wingu: gharama na usalama

Kuhamia wingu ni hatua ya kampuni au taasisi kuacha kutegemea seva zake yenyewe, ikakodi nafasi ya kuhifadhi data na kuendesha programu katika vituo vya mtoa huduma, kwa njia ya intaneti. Biashara hii ilishika kasi baada ya 2006, Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi (S3) na seva (EC2). Microsoft na Google nazo zikaingia sokoni.

Gharama

Mwenye seva zake hulipa mapema: mashine, viyoyozi, jenereta, leseni na mafundi. Mteja wa wingu hulipa kadiri anavyotumia. Utaratibu huo huzifaa shughuli zinazopanda na kushuka, kama mauzo ya msimu. Kazi isiyobadilika mwaka mzima yaweza kuwa ghali zaidi ikikodiwa. Kati ya 2015 na 2016 Dropbox iliondoa sehemu kubwa ya data za watumiaji wake kwa Amazon na kuipeleka kwenye mashine zake, ikapunguza gharama kwa takriban dola milioni 75 katika miaka miwili.

Bili hupandishwa pia na seva zilizosahauliwa zikiwa zimewashwa, na ada ya kutoa data nje ya wingu. Kwa mteja wa Afrika Mashariki, bei huwa zimepangwa kwa dola, hivyo shilingi ikishuka thamani matumizi yaleyale hugharimu zaidi.

Usalama

Mtoa huduma hulinda majengo, mashine na mtandao wake. Akaunti, ruhusa, mipangilio na data hubaki mikononi mwa mteja. Mwaka 2019 mdukuzi alipenya mfumo wa benki ya Capital One uliokuwa kwenye wingu la Amazon, kupitia kinga iliyopangwa vibaya, akachukua taarifa za watu wapatao milioni 106 wa Marekani na Kanada. Mwaka uliofuata benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 80.

Ajali nazo zina sehemu yake. Moto ulipoteketeza kituo cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, baadhi ya wateja wasio na nakala rudufu mahali pengine walipoteza data moja kwa moja. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani.

Sheria

Sheria za ulinzi wa data binafsi za Kenya (2019) na Tanzania (2022) huweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo mahali kilipo kituo cha data lazima pajulikane kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kupima uamuzi

Usimbaji wa data, nakala rudufu, kumbukumbu za matukio na mafunzo ya wafanyakazi vyote vina bei, na vyote ni sehemu ya gharama halisi ya kuhama. Makadirio yanayoviacha huonyesha nafuu isiyokuwepo, na anayelipia pengo hilo mara nyingi ni mtu ambaye taarifa zake zimevuja.