Jina na Namba: Utafutaji wa Majina katika Kompyuta za Zamani za Butembo na Beni

Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini iliyo mbali na Kinshasa kuliko ilivyo mbali na Kampala, ilijenga biashara yake kwa kuelekea mashariki, kupitia mpaka wa Kasindi hadi Uganda na bandari ya Mombasa, na kutoka hapo hadi Dubai na masoko ya Asia. Katika miaka ya 1990, simu za waya zilipokuwa zimekwisha kufa katika sehemu kubwa ya nchi, habari za bei na mizigo zilipitia kwenye foni, yaani redio ya mawimbi mafupi, ambapo mwendeshaji aliita jina la kituo katika masafa yaliyokubaliwa, vituo vyote vilivyokuwa hewani vikasikia, na kile kilichotajwa ndicho kikajibu. Kompyuta za mezani zilizofuata nazo zilikuwa na njia ya kuitana ya namna hiyohiyo, ila waliozitengeneza waliiweka nyuma ya njia nyingine, na uamuzi huo uliwagharimu sana watumiaji wa miji kama hii.

Kompyuta huwasiliana kwa namba, lakini binadamu hukumbuka majina, hivyo lazima kiwepo kitu cha kugeuza jina kuwa namba. Hapo mwanzo orodha moja ya majina yote ilitunzwa huko California na kunakiliwa na kila mwenye kompyuta. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, utaratibu unaogawa orodha hiyo kati ya seva nyingi duniani. Mwaka huohuo ilitokea NetBIOS, iliyotengenezwa kwa ajili ya mitandao midogo ya IBM, ambamo mashine hutangaza jina linalotafutwa kwa majirani wote na kungoja mwenye jina aitikie. Windows ya miaka ya 1990 ilirithi taratibu zote mbili, na kwa hiyo ikabidi pawe na mpangilio wa kuamua upi uanze.

Katika Windows 95 na Windows NT mpangilio huo uliandikwa kwa namba ndani ya sajili, yaani hazina ya mipangilio ya mfumo, na namba ndogo ndiyo iliyotangulia: jina la mashine yenyewe lilipewa 499, faili la hosts 500, DNS 2000, na NetBIOS 2001. Faili la hosts ni orodha fupi ya maandishi iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, ambayo mtumiaji anaweza kuijaza kwa mkono. Tofauti ya moja tu kati ya 2000 na 2001 ilitosha kuifanya programu itoke kwenda kuuliza mbali kabla ya kuuliza chumba cha pili.

Mpangilio huo ulifaa mahali penye seva ya DNS jirani na umeme usiokatika. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya eneo hili ilitegemea setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo swali moja na jibu lake, kwenda na kurudi, vilisafiri takriban kilomita 144,000 na kuchukua karibu nusu sekunde hata hali ya hewa ikiwa njema. Mvua ilipokata mawimbi, au jenereta ya dishi ilipozimwa ili kuokoa mafuta, ofisi yenye mashine iliyoitwa DEPO, iliyokuwa hatua chache tu kutoka kwa karani, iliweza kungoja sekunde nyingi jibu la seva isiyofikika, ndipo NetBIOS ipewe zamu, itangaze jina hadi mara tatu kwa kupisha robo tatu ya sekunde, na DEPO iitikie.

Fundi aliyeitwa kuitazama hitilafu hiyo alianza kwa amri ya ping, inayouliza mashine nyingine kama inafikika: kama namba ya mashine ilijibu na jina lake halikujibu, basi waya ulikuwa mzima na ubovu ulikuwa katika majina. Tiba nyepesi ilikuwa kuandika namba na jina la DEPO katika faili la hosts, na hapa palikuwa na mtego uliowapotezea wengi muda, kwa sababu programu ya Notepad huongeza herufi .txt mwishoni mwa jina la faili, na Windows hulipuuza faili la hosts.txt bila kutoa onyo lolote. Tiba nzito zaidi ilikuwa kubadilisha namba za sajili ili NetBIOS itangulie DNS, kazi iliyohitaji mkono mwangalifu, kwani kosa dogo katika sajili laweza kuuangusha mfumo mzima.

Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows XP, mrithi wa Windows hizo, tarehe 8 Aprili 2014, na ujuzi huo unapotea pamoja na mashine zake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, pamoja na vyuo vingine vya miji hiyo, vingefanya jambo la maana kukusanya maelezo ya mafundi na waendeshaji wa foni wangali hai, kwa maana historia ya mawasiliano ya Kivu haiwezi kuandikwa kwa kutegemea nyaraka za makampuni ya Kinshasa na Marekani peke yake.